Ndoa ya Mkeka: Shajara ya Dawati la Mahogani na Kauri ya Worcester

Jumamosi, 11 Januari 2025

Limeingia. Kaka yangu na rafiki yake wa kazini walilibeba vipande viwili, kabati la vioo kwanza, dawati baadaye. Nyumba yetu hapa Worcester, Uingereza, ni ya safu, ya enzi za Malkia Victoria, na mlango wake uliliachia dawati nafasi ya kidole kimoja kila upande. Kaka anasema hanibebei tena kitu chochote ambacho hakikunjiki.

Bei naiandika leo nisije nikajidanganya baadaye. Nyundo ya mnada iligonga pauni 220. Ada ya mnunuzi ni asilimia 25, yaani 55, na kodi juu ya ada hiyo 11. Jumla 286, na gari la kukodi 70. Miaka ya 1990 fanicha ya namna hii iliuzwa kwa maelfu ya pauni. Leo Waingereza wenyewe wanaiita kwa dharau "fanicha za kahawia", watoto wao hawaitaki, na mahogani ya zamani za Mfalme George III (1760 hadi 1820) inapatikana kwa bei iliyo chini ya simu mpya. Ndiyo maana mtu wa mshahara wangu ameweza kuinua mkono mnadani.

Mradi ni huu: dawati la mfuniko wa mteremko na kabati la vioo juu yake, nilitengeneze lisimame imara, kisha rafu nizijaze kauri ya Worcester ya karne ya 18, iliyofinyangwa na kuchomwa kando ya mto uleule ninaopita nikienda kazini. Bibi yangu Tanga alikuwa na kabati la vioo lenye vikombe vya ukingo wa dhahabu. Hakuna aliyewahi kuvinywea. Kila wiki alivitoa, akavipangusa, akavirudisha. Sasa ugonjwa ule umenipata na mimi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeshinda nimelala chali chini ya dawati, tochi mdomoni.

Mbele ya fanicha ni mahali pa kudanganyiwa. Mbele hupigwa rangi, hubandikwa, hung'arishwa, hubadilishwa mishikio. Nyuma, chini na ndani ya droo hakuna aliyejisumbua kusema uongo. Kwa hiyo nilitoa droo zote 4 nikazipindua sakafuni.

Uso wa droo ni mahogani, lakini pande na chini ni mwaloni, mwembamba, laini kama ngozi ya mkono wa mzee. Pembeni mbao zimefungamana kwa meno yaliyopishana kama mkia wa njiwa, na hakuna jino linalolingana na mwenzake. Fundi aliyakata kwa msumeno na patasi, kwa jicho. Nyuzi za ubao wa chini zinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanzoni mwa karne ya 18 mafundi walizielekeza kutoka mbele kwenda nyuma, wakageuza katikati ya karne hiyo, kwa hiyo ushahidi unakubaliana na tarehe ya dawati. Ukingo wa kila droo una utepe mwembamba wa mbao ulioinuka kidogo, ili ubao wa uso usibanduliwe na vidole na mikanda ya wapita njia.

Mishikio ya shaba, ile iliyopinda kama shingo ya bata, si ya asili. Ndani ya kila uso wa droo kuna matundu ya mishikio ya namna tatu, mawili kati yake yamezibwa. Moja ni pana, katikati, la kifundo cha mbao. Kuna mtu wa zama za Victoria aliyetaka kwenda na wakati.

Nimefurahi kupita kiasi. Sehemu ya juu nitaiangalia wiki ijayo.

Jumamosi, 25 Januari

Nilimpigia baba simu ya video. Alikuwa seremala Tanga miaka 40 kabla macho hayajamgomea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hilo ndilo kabati lenyewe? Mkangazi huo?"

Nikamweleza kwamba huu ni mahogani wa Amerika, binamu wa mkangazi wetu. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru kwa mbao kutoka makoloni yake ya ng'ambo ya Atlantiki, na mahogani ikaanza kumiminika London, kwanza kutoka Jamaika, baadaye kutoka Kuba na Hondurasi. Waliokata miti ile na kuiburuta mpaka mtoni walikuwa Waafrika waliotumikishwa utumwani. Baba akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nionyeshe mgongo."

Nikalivuta kutoka ukutani. Mgongo wa dawati ni mbao pana za msonobari zenye mistari iliyonyooka ya msumeno wa mkono. Nikapandisha simu juu. Mgongo wa kabati la vioo una alama za mviringo, upinde baada ya upinde, kama maji yaliyotupiwa jiwe.

"Msumeno wa duara huo," akasema. "Wa mashine. Hivi ni viwili, mama. Hawa hawakuzaliwa nyumba moja."

Nikakataa. Nikabishana naye kama mtu anayemtetea mchumba. Baadaye kaka alipokuja tuliinua kabati, na uso wa juu wa dawati, ule uliofunikwa, ulikuwa umebandikwa vinia nzuri, yaani ubao mwembamba wa kufunika, na kung'arishwa mpaka ukutani. Hakuna fundi anayeng'arisha mahali ambapo kabati litakalia milele. Dawati lilitengenezwa kusimama peke yake. Kabati likaja miaka 50 au zaidi baadaye, likapunguzwa upana likakalishwa juu.

Wauzaji wa Kiingereza nao huita jambo hili ndoa. Baba akalitengenezea jina kamili: "Hiyo ni ndoa ya mkeka." Anacheka mpaka leo.

Katalogi ya mnada iliandika zama za dawati tu na haikugusa habari ya kabati. Lakini nami siku ya maonyesho nilisimama mbele ya vioo kama mtoto dukani, sikuzunguka nyuma hata mara moja. Ningezunguka, nisingetoa zaidi ya 120.

Nimeamua havitengani. Wameishi pamoja muda mrefu kuliko ndoa nyingi za halali.

Jumamosi, 8 Februari

Reli za droo. Droo ya chini kabisa ilikuwa ikishuka upande wa kushoto na kukwama, kwa sababu miaka 200 ya mwaloni kusugua mwaloni imechimba mfereji wa karibu milimita 6. Baba alitaka niing'oe reli yote niweke mpya. Nikamwambia hapana, nitaondoa sehemu iliyoliwa tu, nipandikize kipande cha mwaloni wa zamani nilichokipata kwenye kitanda kilichovunjika. Tulizozana. Kwake yeye kazi nzuri ni ile isiyoonyesha kwamba kuna kilichoharibika. Mimi nataka anayekuja baadaye apindue droo, aone mahali mkono wangu ulipopita.

Kwa jambo moja nilimtii: baada ya kukausha, nta ya mshumaa juu ya reli. Si mafuta, mafuta hunasa vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani. Gundi ya ngozi na funga haviendani.

Fundi wa karne ya 18 aliunga kwa gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama, na ukitengeneza kazi yake unapaswa kutumia ileile, kwa sababu joto na unyevu huifungua. Ukitumia gundi nyeupe ya kisasa, yule wa miaka 100 ijayo akitaka kufungua atalazimika kuvunja. Chembe zake hulowekwa kwenye maji baridi usiku kucha, zikivimba huwekwa kwenye chombo kilicho ndani ya chombo kingine chenye maji moto, kiasi cha nyuzi 60. Ikichemka, nguvu imekwisha. Niliuliza kwanza kabla ya kununua: ni ngozi ya ng'ombe. Harufu yake, ukiwa na njaa ya saa 10 jioni, sina la kusema.

Nimebandika upya vipande 11 vya vinia vilivyokuwa vimeinuka. Vinia ya zamani ni nene, ilikatwa kwa msumeno wa mkono. Hii yangu inapita milimita moja na nusu. Ya mashine ni karatasi tu. Unapaka gundi ya moto, unakandamiza, unabana kwa jiriwa juu ya kibao, na una dakika chache tu kabla haijaganda. Futari iliponikuta nilikuwa nimebana kipande cha saba, tende nikalishwa na binti yangu kama kifaranga.

Jumamosi, 5 Aprili

Kosa la mwaka. Naliandika lote.

Ubavu wa kulia ulikuwa na uchafu mweusi, moshi wa makaa ya mawe na nta ya vizazi. Nikachukua spiriti kwenye kitambaa nikapangusa. Kitambaa kikatoka cha kahawia, nikafurahi, nikaendelea. Kilichokuwa kikitoka kilikuwa rangi yenyewe. Ung'arishaji huu ni wa shelaki, utomvu wa mdudu wa India ulioyeyushwa katika spiriti, mtindo uliosambaa Uingereza kuanzia miaka ya 1820. Kilichoyeyushwa na spiriti, spiriti hukiyeyusha tena. Mimi mtoto wa seremala nilijua hilo, na bado niliendelea kupangusa.

Sasa kuna bato la ukubwa wa sahani, limepauka, katikati ya ubavu uliochukua miaka 200 kupata rangi yake. Wapenzi wa fanicha hulipia rangi hiyo kuliko mbao. Nilikaa ngazini.

Nikaanza kurudisha. Pamba ndani ya kitambaa cha zamani kisicho na nyuzi, shelaki kidogo, tone la mafuta ili isinate, na mkono uende kwa miduara bila kusimama, kwa sababu ukisimama tu kitambaa kinashika na kung'oa. Tabaka juu ya tabaka. Siku ya nne ilinyesha, jiko lilikuwa na mvuke, na shelaki ikatoa ukungu mweupe. Nikafunga milango, nikawasha kipasha joto, nikasubiri siku 2 hewa ikauke, nikaanza tena. Sasa bato linaonekana ukilijua. Nalijua.

Jumamosi, 17 Mei

Kauri, hatimaye.

Nilikwenda kwanza makumbusho ya Royal Worcester, mtaa wa Severn, nikae na vitu halisi kabla ya kutoa hata pauni moja. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1751 na watu 15 waliochanga fedha, akiwemo tabibu John Wall na muuza dawa William Davis. Mwaka uliofuata wakanunua kiwanda kidogo cha Bristol, na kwacho siri ya kuchanganya jiwe la sabuni, jiwe laini linaloteleza mkononi, la Cornwall kwenye udongo. Jambo hilo moja ndilo lililowatoa. Birika za viwanda vingine vya Kiingereza zilipasuka zikimiminiwa maji yanayochemka. Za Worcester zilivumilia. Mnywaji chai hakuhitaji hoja nyingine.

Wote hao, Chelsea, Bow, Derby, Worcester, walikuwa wakimwiga Mchina. Nami nikacheka kidogo mbele ya kioo cha makumbusho, maana watu wa Gedi, mji wa kale pwani ya Kenya, walikuwa wakila chakula kwenye bakuli za Kichina karne nyingi kabla Mwingereza hajajua kuichoma, na Kunduchi makaburi yamepambwa kwa bakuli hizohizo zilizopachikwa ukutani. Lamu zilipangwa kwenye zidaka. Sisi neno moja, kauri, linatosha kwa simbi ya pwani na kwa chombo hiki; Waitalia nao walikiita *porcellana* kwa jina la simbi hiyohiyo, kwa ule mng'aro wake, na Ulaya nzima ikawafuata.

Nimenunua cha kwanza: kisahani cha chai, buluu na nyeupe, chapa ya maua matatu, cha miaka ya 1770 hivi. Pauni 18, kwa sababu kina ufa kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Chini kuna hilali ndogo iliyotiwa mistari ndani, alama yao kwa vyombo vya kupigwa chapa. Vilivyochorwa kwa mkono vina hilali tupu. Chapa ilipatikana kwa kuchora bamba la shaba, kulipaka wino wa buluu, kuuhamishia kwenye karatasi nyembamba, kisha kwenye chombo kabla ya kukitia mng'aro, ule utando wa kioo unaofunika kauri. Ukiangalia kwa lenzi, kivuli cha kila jani ni mistari midogo ya sindano.

Nimekipenda zaidi kwa ufa wake. Kizima kingekuwa mara tatu ya bei, na kisingenionyesha udongo ndani.

Jumamosi, 21 Juni

Sasa navyo 5. Kikombe kisicho na mkono, kama kibakuli cha kahawa, visahani 3, jagi dogo la maziwa.

Jagi lilinifundisha. Lina alama chini, nikaiona hilali, nikalipa. Nyumbani nikazima taa nikaliwekea tochi ndani. Visahani vyangu vikipitisha mwanga huwa na kijani hafifu, kama maji ya dafu yaliyokaa. Jagi likawa na njano ya majani makavu. Nikaitazama tena alama: si hilali, ni herufi C. Hilo ni la Caughley, kiwanda cha Thomas Turner kule Shropshire, aliyepitia Worcester kabla ya kwenda kufungua kwake na kuwashindania wateja. Huenda C ile aliichora makusudi iwapumbaze watu kama mimi. Sikasiriki. Jagi ni zuri, na bei ilikuwa ya haki kwa vyote viwili. Limepata rafu yake, chini ya Worcester.

Kuna wanaopitisha ncha ya penseli ndani ya ukingo wa tako la chombo. Worcester mara nyingi huacha hapo utepe mwembamba usio na mng'aro, na penseli huacha alama hapo tu. Nimejaribu. Hata Caughley inaonyesha, kwa hiyo penseli peke yake isikudanganye.

Jumamosi, 16 Agosti

Pauni 65 zimekwenda na maji.

Gulio la vitu vya kale, uwanjani, saa 1 asubuhi, umande mpaka magotini. Chombo cha maua, buluu ya magamba ya samaki, ndege wa ajabuajabu ndani ya madirisha meupe yaliyozungushiwa dhahabu. Worcester ya miaka ya 1765 mpaka 1775 katika fahari yake. Chini, muhuri wa mraba wa kujifanya wa Kichina, kama walivyoutumia wenyewe. Muuzaji hakusema ni Worcester. Alisema tu, "Unaona alama mwenyewe." Sentensi hiyo ingenitosha, lakini nilikuwa na baridi na tamaa.

Tochi: mwanga ulipita mweupe wa kijivu, hauna kijani hata chembe. Lenzi: magamba yanalingana mno, kama vigae vya sakafu, wakati mchoraji wa Worcester alichora gamba moja moja na mkono ukachoka. Kwenye pengo dogo la tako, udongo unang'aa kama kioo kilichovunjika. Kauri laini ya Kiingereza hapo huonekana kama biskuti. Hii ni kauri ngumu ya Ulaya bara, ya karne ya 19, zama ambazo vyombo vya Worcester na Chelsea viliigwa kwa wingi pamoja na alama zake.

Taa ya miale ya urujuanimno, pauni 12, nimeinunua jana yake. Ilikuwa nyumbani, kwenye droo. Rangi mpya ya marekebisho huwaka chini yake tofauti na mng'aro wa zamani. Sasa inakaa mkobani.

Kile cha bandia sikiuzi. Nimekibandikia kikaratasi kinachosema ni nini, nikakiweka kwenye rafu ya chini kabisa.

Jumamosi, 27 Septemba

Ndani ya mfuniko wa dawati kuna visanduku vidogo vya barua na vijidroo 6, kila kimoja na kifundo cheupe ukubwa wa punje ya mbaazi. Nimevisafisha kwa pamba na maji kidogo sana. Kwenye uso wake mistari myembamba inapishana kama nyavu. Pembe ya ndovu.

Kuwa navyo si kosa. Kuuza ndiko kulikobadilika: sheria ya pembe ya 2018, iliyoanza kutumika 6 Juni 2022, inakataza, isipokuwa kwa vitu vya namna chache. Kimojawapo ni fanicha ya kabla ya 1947 ambayo pembe haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, na hata hiyo lazima usajili kwanza na kulipa pauni 20. Nimewekea kumbukumbu picha na vipimo, ili wanangu wasije wakaingia matatani siku ya kuuza.

Mimi ni wa pwani. Nimesoma majina ya waliobeba pembe mabegani kutoka bara mpaka Bagamoyo? Hapana, hayakuandikwa. Zilizohesabiwa zilikuwa pembe. Nilifunga mfuniko nikaenda kupika.

Jumamosi, 8 Novemba

Kabati limerudi juu ya dawati. Pembeni panapobaki ukingo mtupu, pale kabati lilipopunguzwa, nimepaacha palivyo. Mlango wa kushoto una vioo 13 vya zamani vyenye mawimbi, ukisogea kichwa barabara nayo inasogea. Wa kulia una 12 na kimoja kipya kilichonyooka kama rula. Nitakibadilisha nikipata cha zamani cha kipimo. Kitasa cha droo ya pili hakina ufunguo bado.

Kauri: vipande 14 sasa, 9 vya Worcester, 4 vya Caughley, na yule mgeni wa rafu ya chini. Vitatu tu ndivyo vizima. Kimoja kina pini za shaba mgongoni, mtu alikitoboa na kukishona wakati chombo kikivunjika kilikuwa bado kinastahili fundi. Hicho nimekigeuza, mgongo ndio unaotazama chumba.

Baba alipiga baada ya alasiri. Nikaanza kumzungusha rafu kwa rafu, nikimweleza hilali na C.

"Vizuri, vizuri," akasema. "Ile droo ya chini."

Nikaweka simu sakafuni, ikiegemea kiti. Nikaishika kwa kidole kimoja nikavuta. Ikaja yote, kimya.

"Tena," akasema.

Nikaivuta tena.